Krapf na neno nafasi
Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa 1810, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Hata hivyo alibaki. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka 1850, kwa Kiingereza, lugha ya kujifunza kwake kama ilivyo kwangu.

Hapo namwonea huruma. Huku Luberizi twasema nafasi nzuri ya kazi, nafasi nzuri ya kusoma: -a unganifu inatosha. Kiingereza hutanguliza kivumishi, kisha kinadai *for* kabla ya nomino, *to* kabla ya kitenzi. Mwalimu amenirudishia barua ya kuomba ufadhili mara mbili kwa kosa hilo.

Krapf alifariki 1881. Kamusi yake ilichapishwa 1882, hakuishika mkononi.