Adolphe Wurtz, mtoto wa mchungaji aliyeifungua pete

Ukinunua maji ya chupa pale sokoni Salamabila, plastiki ya ile chupa inatoka katika kazi iliyoanzishwa na mtu aliyekufa tangu 1884. Anaitwa Charles Adolphe Wurtz, mwanakemia wa Ufaransa.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1817 karibu na mji wa Strasbourg. Baba yake, mchungaji wa Kilutheri, alitaka mtoto amfuate katika kazi ya Mungu. Lakini mtoto alipenda kemia. Mwishoni wakasikilizana asome udaktari. Akamaliza 1843, ila hakushika kazi ya kutibu wagonjwa. Mwaka uliofuata akaenda Paris kufanya kazi katika maabara.

Huko, mwaka 1856, alitengeneza glikoli, kitu cha majimaji mazito yenye utamu. Mwaka 1859 akapata oksidi ya etileni. Ndani yake, chembe 2 za kaboni na 1 ya oksijeni zimeshikana kama pete. Pete hiyo imekunjwa kwa nguvu, sawa na fito ya mtego wa ndege: ikiguswa panapofaa, inafyatuka. Wurtz alionyesha kwamba pete ikikutana na maji inafunguka na kuwa glikoli. Ikikutana na amonia, inatoa vitu ambavyo leo viwanda vinaweka katika sabuni.

Shida ni kwamba kwa maji peke yake inafunguka polepole. Njo hapo kichocheo kinaingia. Asidi kidogo tu inaishika ile oksijeni, inalegeza pete, na kazi inaenda mbio. Asidi yenyewe haiishi; inabaki na kusaidia pete ingine. Wanakemia waliokuja nyuma ya Wurtz walitafuta vichocheo vingi, maana pete ikiwa na pande zisizofanana, kichocheo kinaweza kuamua ifungukie upande gani. Na mwaka 1931 Mfaransa mwingine, Théodore Lefort, alionyesha namna ya kutengeneza pete yenyewe moja kwa moja kwa kichocheo cha madini ya fedha. Viwanda vikubwa vinafuata njia hiyo mpaka leo.

Wurtz hakubaki katika maabara tu. Mwaka 1866 alifanywa mkuu wa Fakulte ya Udaktari ya Paris, wakati wanawake hawakuwa na nafasi pale. Madeleine Brès alipomwendea, hakumfukuza. Alimwambia apate kwanza diploma ya sekondari. Mama huyo akaipata, akaandikishwa 1868, na mwaka 1875 akawa mwanamke wa kwanza wa Ufaransa kupata cheo cha daktari.

Wurtz alikufa Paris mwezi wa Mei 1884. Jina lake ni moja kati ya majina 72 ya wataalamu yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel.

Glikoli yake sasa iko katika chupa, katika nguo za poliesta na katika maji ya radiata ya magari. Lakini ule utamu wake unadanganya: ukiinywa, inaharibu figo na inaweza kuua. Kwa hiyo bidoni iliyobeba maji ya radiata isiwekwe tena maji ya kunywa, hata ikioshwa mara ngapi. Na mtoto akiinywa, msingoje dalili. Mpelekeni hospitali palepale.