Mzee Ojwang' na Adabu ya Kucheka Lafudhi

Miongoni mwa sanaa tunazozifundisha, uchekeshaji ndio unaopewa heshima ndogo kuliko zote. Mwalimu atatumia muhula mzima kuchambua tanzia, lakini mchekeshaji humwachia kurasa za burudani, kana kwamba kumliza mtu ni kazi ya akili na kumchekesha ni kazi ya mdomo mtupu. Yeyote aliyewahi kujaribu kuchekesha darasa la wanafunzi 40 baada ya chakula cha mchana anajua kuwa mambo ni kinyume. Leo nimeazimia kusimulia maisha ya mchekeshaji mmoja ambaye, kwa maoni yangu, aliwafunza Wakenya jambo kuhusu lugha ambalo sisi wanaisimu tungali tunalieleza kwa kigugumizi. Huyo ni marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana nchini kote kwa jina la Mzee Ojwang'.

Wanjau alizaliwa mwaka 1937, wakati wa ukoloni. Alikuwa ametimiza umri wa makamo alipopata umaarufu katika televisheni ya taifa, siku ambazo shirika letu la utangazaji lilikuwa bado likiitwa Sauti ya Kenya, kabla ya kubadilishwa na kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, mwaka 1989. Alionekana katika michezo ya Vitimbi, Vioja Mahakamani na Darubini. Msomaji kijana na akumbuke kwamba hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo yake mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni. Tajiri na maskini, mjini na mashambani, wote walimtazama mtu yule yule, usiku ule ule.

Mimi nililelewa Ewuaso Kedong, katika bonde lililoko kati ya milima ya Ngong na Mlima Suswa, mahali ambapo umeme wa nyaya ulikuwa hadithi ya watu wa Nairobi. Televisheni ya pale sokoni ilipata nguvu kutoka kwa betri ya gari, na betri ilipoishiwa katikati ya mchezo, watazamaji walitawanyika huku wakibishana kuhusu namna ambavyo kisa kingeishia. Wengi wetu tulikuwa wana wa wafugaji ambao Kiswahili tulikipata shuleni, tena kwa kiboko. Kiswahili cha Ojwang' tulikipata bure, na ndicho kilichotukaa moyoni. Somo la Kiswahili lilifanywa la lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Kwa hiyo kizazi chetu kilikuwa na walimu wawili: mmoja mwenye chaki, mwingine mwenye vichekesho.

Sasa nije kwenye kiini cha maisha yake. Ojwang' alikuwa mzee wa Kiluo, mume wa Mama Kayai, mwenye lafudhi ambayo hakuna Mkenya aliyeweza kuikosea. Lakini Benson Wanjau, kama jina lake linavyodhihirisha, alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi waliishi miaka na mikaka wakiamini kuwa mzee wao ametoka kandokando ya Ziwa Victoria, na walipopata habari ya asili yake, hasa wakati wa kifo chake, walipigwa na butwaa. Hakuna sifa ya uigizaji inayoshinda hiyo.

Tuutazame ustadi huo kwa jicho la isimu. Lugha ya Kiluo haina sauti ya sh wala ya z ambazo Kiswahili kinazo. Msemaji wake anapojifunza Kiswahili, huweka s mahali pa sauti zote mbili: shida ikawa sida, shaba ikawa saba, na zamani ikawa samani. Hapo mambo ya kale yamegeuka kuwa viti na meza, na kichekesho kimejizaa chenyewe. Kwa upande mwingine, Kikuyu hakitofautishi l na r, na ndiyo sababu ya utani ule wa tangu jadi kwamba kwa Mkikuyu kula na kura ni kitu kimoja. Kiluo hutofautisha sauti hizo mbili bila taabu. Basi Mkikuyu anayemwigiza Mluo ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuingiza kasoro zisizo zake na kuzuia zile zilizo zake. Wanjau alifanya hivyo kwa miongo mitatu.

Haya hayawezekani kwa dhihaka. Mtu anayedharau lafudhi ya jirani yake huikamata juu juu: hunyakua sauti moja au mbili, akazirudia hadi zikachosha. Anayeikamata sawasawa ni yule aliyekaa na jirani huyo, akamsikiliza akilalamika, akinunua, akiomba radhi na akigombana na mkewe. Lafudhi si Kiswahili kilichovunjika. Ni Kiswahili kilichopita katika nyumba nyingine kabla ya kufika kwetu, na nyumba hiyo ina kanuni zake. Ojwang' alizijua kanuni hizo, na hakuwa na haja ya shahada ili azijue.

Jambo la pili ni kwamba lafudhi haikuwa ndiyo kichekesho chenyewe. Ojwang' alituchekesha kwa tamaa, kwa ukaidi, kwa majivuno ya mzee anayejiona mjanja ilhali Mama Kayai amekwisha kumtangulia kwa hatua mbili. Hizo ni kasoro za binadamu yeyote. Aliyezitazama akiwa Kisumu alimwona mjomba wake, na sisi wa Ewuaso Kedong tulimwona mzee wa boma la pili. Lafudhi ilimpa makazi tu, na udhaifu wake ulikuwa wa watu wote.

Wala hili si jipya duniani. Katika michezo ya vinyago iliyostawi nchini Italia kuanzia karne ya 16, kila mhusika alikuwa na lahaja yake: mfanyabiashara bahili alisema lahaja ya Venice, mwanachuoni mpayukaji ya Bologna, na mtumishi mjanja ya Bergamo. Watazamaji walicheka kwa sababu walizijua lahaja hizo kama wanavyojijua wenyewe. Charlie Chaplin, aliyefariki mwaka 1977, alifuata njia nyingine. Mzururaji wake wa filamu zisizo na sauti hakuwa na lafudhi hata kidogo, ndiyo maana aliweza kuwa wa kila nchi. Ojwang' alichagua njia ngumu zaidi, ya kuwa wa kila mtu huku akisema kama watu wa mahali pamoja.

Uzito wa jambo hili tuliupima kwa machungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilitumbukia katika ghasia ambazo, kwa hesabu ya Tume ya Waki, ziliangamiza watu 1,133. Katika wiki zile jina la mtu na namna anavyotamka maneno vilikuwa hatari kwa uhai wake, na miongoni mwa jamii zilizotazamana kwa chuki zaidi walikuwamo Wakikuyu na Waluo. Ndani ya nchi hiyo hiyo aliishi Mkikuyu ambaye taifa zima lilimpenda kwa sauti ya Kiluo. Sisemi kwamba mchekeshaji angeweza kuzuia mapanga. Ninasema kwamba ushahidi wa uwezekano wa kukaa pamoja ulikuwa sebuleni mwetu kwa miaka yote hiyo, nasi tuliuona kuwa mzaha.

Naomba sasa niingie darasani, maana ninawaandikia zaidi walimu na wanafunzi. Katika kazi ya kuwakagua walimu wanafunzi, nimewahi kuketi nyuma ya darasa moja huku kwetu Kajiado. Msichana mmoja alisoma kwa sauti, na badala ya furaha akatamka puraha. Kimaasai hakina sauti ya f, na ulimi wake ulichagua sauti iliyo karibu zaidi, yaani p, kwa utaratibu usio na dosari. Mwalimu akamwigiza mbele ya wenzake. Darasa likacheka, na msichana yule hakuinua mkono tena hadi kengele ilipolia. Wakati wa mapumziko niliwakuta wavulana wa darasa lilo hilo wakimwigiza mwalimu, ambaye naye alikuwa na lafudhi ya kwao. Walimpatia barabara, hata namna anavyovuta irabu ya mwisho. Masikio yao yalikuwa mazima kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kuwa hiyo ni elimu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya vicheko viwili. Kicheko cha mwalimu kilitoka juu kikamfunga msichana mdomo. Kicheko cha Ojwang' kilimpa mzee wa lafudhi nafasi ya kusema kuliko wote, naye akasema usiku kucha. Kimoja hupunguza idadi ya wasemaji wa Kiswahili, na kingine huiongeza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha ya taifa isiyovumilia ndimi za taifa itakuwa ya nani?

Waliomfuata Ojwang' ni wengi, na wamo wenye vipaji vikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Redykyulass waliigeuza sauti ya Rais Moi kuwa kichekesho, jambo ambalo miaka michache kabla yake lingewapeleka korokoroni. Baadaye Daniel Ndambuki, yaani Churchill, aliwafungulia jukwaa wachekeshaji chipukizi kutoka kila pembe. Ninawatazama na ninawacheka. Hata hivyo, baadhi yao hupanda jukwaani na lafudhi ya kabila fulani na kushuka nayo, bila mhusika wala kisa katikati. Hao wameokota koti la Ojwang' wakamwacha Ojwang' mwenyewe.

Miaka ya mwisho ya Wanjau haikuwa ya neema. Macho yake yalififia, na hali yake ilipotangazwa, wananchi walimchangia fedha za matibabu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kutokana na nimonia, akiwa na umri wa miaka 78. Nchi iliyochekeshwa naye kwa miongo mitatu ililazimika kuzungusha kofia ili aone. Hilo nalo ni funzo kuhusu thamani tunayowapa wenye kazi hii, na halihitaji maelezo yangu.

Kwa walimu ninalo ombi dogo. Siku mwanafunzi atakapotamka sida au puraha, msahihishe kwa upole, kisha uliulize darasa ni kwa nini ulimi wake ulichagua sauti hiyo na si nyingine. Hapo hapo utakuwa umeanza somo la fonolojia, na mtoto aliyekuwa karibu kuaibika atakuwa ndiye mfano wa somo. Wakicheka baada ya hapo, watakuwa wanacheka pamoja naye.