Daktari Leo Kanner na Barua ya Kurasa 33

Mtaani mtoto akifika miaka minne bila kuongea, kazi yake ikawa ni kuzungusha kifuniko cha sufuria tu, wa kwanza kusutwa ni mama yake. Eti alivunja mwiko, eti hajui kulea. Ndiyo maana nimeamua kukusimulia maisha ya Dkt. Leo Kanner. Huyu ndiye aliyewafumbua wengi macho kuhusu usonji, na ndiye aliyewatwika wazazi lawama hiyo hiyo.

Kanner alizaliwa tarehe 13 Juni 1894 katika kijiji cha Klekotów, ambacho siku hizi kiko Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alisomea udaktari mjini Berlin, na mnamo 1924 akahamia Marekani kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko South Dakota. Mwaka wa 1930 alianzisha kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore.

Basi mnamo 1938 alipokea barua kutoka kwa wakili mmoja wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Kurasa 33, zote zimepigwa taipu! Wakili alikuwa akimweleza mwanawe, Donald, mtoto wa miaka mitano. Donald aliweza kukariri zaburi ya 23 tangu udogoni, lakini akiitwa haitiki. Alijiita wewe badala ya mimi. Alipenda kuzungusha vitu, na ukimkatiza, mayowe! Madaktari walikuwa wamewashauri wazazi wampeleke akalelewe mbali na nyumbani. Walimpeleka, lakini baada ya mwaka mmoja hivi wakamrudisha.

Hapa nampa Kanner heko. Hakuitupa ile barua. Hata leo hakuna kipimo cha damu cha kugundua usonji. Mtoto hutazamwa anavyocheza na anavyozungumza, na waliomlea huulizwa na kusikilizwa. Kanner alifanya hivyo kwa Donald, kisha kwa wengine, na mnamo 1943 akachapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Baadhi yao walikuwa wamedhaniwa viziwi au wapungufu wa akili. (Daktari wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, alikuwa ameeleza watoto wa namna hiyo tangu 1925, ila wachache walimsikia.)

Katika makala hayo Kanner alisema watoto hao walizaliwa hivyo. Lakini aliongeza kwamba wazazi wao wengi ni wasomi wasio na bashasha, na kufikia 1949 alikuwa akiandika kana kwamba watoto wale walilelewa ndani ya friji. Sasa wewe fikiri. Ni nani angeweza kuandika barua ndefu vile na kulipa nauli hadi Baltimore, kama si msomi? Maskini hawakufika kwake, basi hakuwaona. Neno lake lilienea kama moto wa nyika. Wengine wakafikia kusema dawa ni kumtenga mtoto na mama yake. Kina mama wangapi walilia usiku kwa ajili ya hilo!

Ajabu ni kwamba Kanner mwenyewe alikuwa ameona dawa iliyo bora. Mwaka wa 1942 wazazi wa Donald walimpeleka akae na mkulima na mkewe, karibu na kwao. Mnamo 1945 Kanner aliwatembelea. Donald alikuwa na mazoea ya kupimapima kila kitu, kwa hiyo walimpa kazi ya kuchimba kisima na kueleza kina chake. Alipenda kuhesabu mistari ya mahindi, wakamwacha aihesabu huku akilima kwa plau. Hawakumkataza alilolipenda, walilifanya kazi. Hawa hawakuwa na cheti chochote, jamani.

Mgala muue na haki umpe. Mwaka wa 1969, mbele ya mkutano wa chama cha wazazi wa watoto wenye usonji huko Washington, Kanner aliwatangaza wazazi kuwa hawana hatia. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Alidai pia kwamba maneno yake yalikuwa yamepotoshwa, na hapo simwamini, kwa maana maandishi yake yapo. Mnamo 1971 aliwafuatilia tena wale 11, akaona kwamba waliofungiwa katika hospitali kubwa za serikali walififia.

Kanner alifariki tarehe 3 Aprili 1981. Donald naye alisoma chuo kikuu, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akajifunza kuendesha gari, akazuru nchi nyingi. Alifariki Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 89, baada ya kuishi miaka mingi Forest, katika nyumba ya wazazi wake.