Stefan Banach na Njia ya Kulikaribia Jibu kwa Hatua

Katika ufundishaji wa hisabati shuleni, iko desturi ya kulitazama jibu la mwanafunzi kwa namna mbili tu: ama ni sahihi, ama ni kosa. Jibu lililokaribia ukweli hupigwa alama ya kosa sawasawa na lile lililopotea kabisa. Katika makala hii tunakusudia kueleza maisha ya mwanahisabati aliyethibitisha kwamba jibu lisilo sahihi, likisahihishwa kwa kanuni inayofaa, na kusahihishwa tena na tena, hufikisha mahali pamoja tu. Mtu huyo ni Stefan Banach wa Poland.

Banach alizaliwa tarehe 30 Machi, 1892, mjini Kraków, wakati mji huo ulipokuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa askari, na wazazi wake hawakuwa wameoana. Mama yake alimwachia jina la ukoo, kisha akatoweka katika maisha yake. Mtoto alilelewa na mama mwingine, Franciszka Płowa, aliyeendesha shughuli ya dobi mjini humo. Baada ya shule alikwenda Lwów kusomea uhandisi, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alirudi Kraków bila ya kumaliza masomo. Huko alijipatia riziki kwa kufundisha, na hisabati akaendelea kujisomea mwenyewe.

Mwaka 1916, Hugo Steinhaus, mwanahisabati aliyekwisha kupata shahada ya udaktari, alikuwa akitembea katika bustani ya Planty. Akawasikia vijana wawili wakizungumza juu ya kipimo cha Lebesgue, jambo ambalo wakati ule lilijulikana na wataalamu wachache. Mmoja wao alikuwa Banach, na wa pili Otto Nikodym. Steinhaus alimpa Banach swali lililokuwa likimsumbua yeye mwenyewe, na baada ya siku chache kijana akaleta ufumbuzi. Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka. Mwaka 1920 Banach alipewa kazi ya usaidizi katika chuo cha ufundi cha Lwów, chini ya Profesa Antoni Łomnicki, na mwaka huo huo akapata udaktari ijapokuwa hakuwa na shahada ya kwanza. Walimu hao walikipima kile alichokijua, si njia aliyoipitia kukijua.

Tasnifu yake ilichapishwa mwaka 1922, na ndani yake imo kanuni tunayotaka kuieleza. Hapana haja ya alama ngumu. Inatosha kuwa na sakafu ya darasa na karatasi kubwa. Tuchukue darasa lenye urefu wa meta 6 na upana wa meta 5. Wanafunzi wachore ramani yake kwa kipimo cha 1 kwa 10, yaani karatasi ya sentimeta 60 kwa 50, kisha waitandike popote sakafuni humo. Mwanafunzi mmoja achague nukta yoyote ya sakafu na aitafute nukta hiyo katika ramani. Pale ramani inapoionyesha, chini yake pana nukta nyingine ya sakafu. Aitafute hiyo nayo katika ramani, na aendelee hivyo. Mwanafunzi wa pili aanzie mahali pengine, tuseme sentimeta 300 kutoka kwa mwenziwe. Baada ya hatua ya kwanza watakuwa wameachana kwa sentimeta 30; baada ya pili, sentimeta 3; baada ya tatu, milimeta 3. Wote wawili wanaifuata nukta moja tu, ile ambayo katika ramani imekaa juu ya mahali pake halisi.

Siri yake imo katika kupungua. Kila hatua huupunguza umbali hadi kiasi kisichozidi sehemu yake fulani iliyo ndogo kuliko moja, hapa sehemu ya kumi. Kama ramani ingekuwa na ukubwa ule ule wa chumba, kurudia kusingehakikisha lolote. Hivyo basi kurudia peke yake si dawa. La muhimu ni kurudia kunakopunguza kosa.

Mfano mwingine ni kipeuo cha pili cha 10. Mwanafunzi akikisia 5, agawanye 10 kwa 5 apate 2, na wastani wa 5 na 2 ni 3.5. Akirudia kwa 3.5 atapata karibu 3.179, kisha 3.162. Mwenziwe aliyeanza na 3 atapata 3.167, kisha 3.162. Njia hii ni ya kale sana, nayo ilielezwa na Heron wa Alexandria. Banach alitoa sababu pana inayoelea juu ya njia nyingi za namna hii. Mwaka 1967, Lions wa Ufaransa na Stampacchia wa Italia waliitumia kanuni hiyo katika matatizo ambamo jibu hutafutwa ndani ya mipaka iliyowekwa, na ambayo leo hutumika katika kuchunguza mizani ya masoko na msongamano wa magari barabarani.

Banach hakuidharau shule. Pamoja na Sierpiński na Stożek aliandika vitabu vya kiada vya hisabati kwa wanafunzi. Yeye na wenziwe walikutana katika Mkahawa wa Kiskoti mjini Lwów, na mwaka 1935 mkewe Łucja alinunua daftari la kuandikia maswali yaliyoulizwa humo. Swali moja la Mazur la mwaka 1936, lililoahidiwa zawadi ya bata bukini, lilijibiwa na Per Enflo wa Sweden mwaka 1972, naye akakabidhiwa bata wake.

Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yaliingia Lwów. Mwezi Julai maprofesa wengi walipigwa risasi, miongoni mwao Łomnicki, na Stożek pamoja na wanawe wawili. Banach alinusurika kwa kulisha chawa damu yake katika taasisi ya Weigl iliyotengeneza chanjo ya homa ya chawa. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 31 Agosti, 1945, akiwa na umri wa miaka 53.

Mwalimu mwanafunzi atakaposimama mbele ya ubao, hana budi kuacha makisio ya wanafunzi yabaki yameandikwa, la kwanza hadi la mwisho, na kuwauliza kila mara: je, tumekaribia zaidi kuliko hatua iliyopita? Kama jibu ni ndiyo, waendelee. Kama ni hapana, kinachostahili kubadilishwa ni njia, wala si mtoto.