Abd el-Kader, Mwislamu aliyewaokoa Wakristu wa Damasko

Kila mkatekumeni analijua jina la mji wa Damasko. Saulo, mtesi wa Wakristu, alikuwa njiani kwenda Damasko alipoangushwa chini na nuru ya Bwana. Ndani ya mji huo Anania alimwekea mikono akambatiza, naye akawa Mtume Paulo. Tangu siku zile Wakristu hawakukosekana Damasko. Lakini mwaka 1860 walikuwa karibu kuangamizwa wote kwa siku chache. Mtu aliyewaokoa maelfu yao hakuwa Mkristu. Alikuwa Mwislamu, mtu wa sala na wa funga, tena mtu aliyepigana miaka 15 na jeshi la taifa la Wakristu. Jina lake Abd el-Kader. Yafaa kuyajua maisha yake, maana yanaonyesha ni nani anayestahili kutendewa mema.

1. Ujana wake

Abd el-Kader alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, upande wa magharibi wa nchi ya Algeria, kaskazini ya Afrika. Baba yake, Muhyi al-Din, alikuwa mkubwa wa chama cha dini kiitwacho Kadiria. Chama hicho baadaye kilienea hata pwani ya Afrika ya Mashariki, kikafika na Maniema katika nchi ya Kongo. Nyumbani kwao palikuwa na shule ya dini, na wasafiri na maskini walipata humo chakula na mahali pa kulala. Mtoto alijifunza Korani yote kwa moyo. Alijifunza pia kupanda farasi, na katika kazi hiyo wachache walimshinda. Alipokuwa kijana, baba yake alimchukua kwenda kuhiji Maka. Katika safari hiyo waliona Damasko na Baghdad.

Mwaka 1830 askari wa Ufaransa walitoka baharini, wakauteka mji wa Alger. Makabila ya magharibi yakatafuta mtu wa kuwaongoza. Mwaka 1832 walimchagua Abd el-Kader awe emiri, yaani mkuu wao. Alikuwa na miaka 24 tu.

2. Adui aliye mkononi mwako

Vita ikadumu muda mrefu. Mara mbili, mwaka 1834 na mwaka 1837, Wafaransa na emiri walipatana, na mara mbili mapatano yalivunjika. Ndipo Jenerali Bugeaud alipoamuru askari wake wachome mashamba, wakate miti ya matunda na kuteka mifugo, ili watu washindwe kwa njaa. Mwaka 1845 watu wa kabila moja walikimbilia ndani ya mapango ya Dahra. Askari wakawasha moto mlangoni, na mamia ya wanaume, wanawake na watoto wakafa kwa moshi. Ni lazima kusema kweli: wengi wa wale waliotenda hivyo walikuwa watu waliobatizwa.

Je, Abd el-Kader naye aliwatendea namna gani Wakristu walioanguka mikononi mwake? Siku zile ilikuwa desturi ya vita kukata vichwa vya adui na kuvileta kwa mkubwa ili kupata zawadi. Emiri alikataza desturi hiyo. Aliamuru kwamba askari atakayemleta mfungwa mzima apewe fedha, na atakayemtesa mfungwa aadhibiwe. Mama yake mwenyewe, Zohra, aliwatunza wafungwa wanawake.

Mwaka 1841 Askofu wa kwanza wa Alger, Bwana Dupuch, alimwandikia emiri barua. Mke wa mfungwa mmoja alikuwa amekuja kwake akilia, naye Askofu akaomba mtu huyo mmoja afunguliwe. Emiri alikubali, lakini katika jibu lake alimwonya Askofu kwa upole. Alimwambia kwamba ingalimpasa kuwaombea wafungwa Wakristu wote, wala si mmoja tu. Tena ingalimpasa kuwakumbuka pia Waislamu waliofungwa katika magereza ya Wafaransa. Askofu hakukasirika. Alitambua kwamba maneno hayo ni ya haki. Kwa hiyo mwaka ule wafungwa wa pande mbili walibadilishwa, na watu wengi walirudi kwao. Tangu hapo Askofu na emiri wakawa marafiki.

Hata hivyo mambo ya huzuni yalitokea pia upande wake. Mwaka 1846 wafungwa Wafaransa wengi waliuawa usiku katika kambi yake. Yeye mwenyewe alikuwa mbali, lakini waliofanya hivyo walikuwa watu wake, na doa hilo limebaki katika historia ya vita ile. Amri njema ya mkubwa haitoshi, ikiwa mioyo ya walio chini yake haijaipokea.

3. Ahadi iliyovunjwa

Mwezi wa Desemba 1847 Abd el-Kader aliona kwamba watu wake wamechoka na kwamba vita haina matumaini tena. Akaweka silaha chini. Wakubwa wa jeshi la Ufaransa walimwahidi kwamba yeye na jamaa zake watapelekwa katika nchi ya Waislamu, Aleksandria au Akka. Aliwasadiki, akapanda merikebu.

Merikebu haikwenda Aleksandria. Ilimpeleka Ufaransa, naye akafungwa kwanza Toulon, kisha Pau, mwisho Amboise. Alikaa kifungoni karibu miaka 5. Nchi ile ilikuwa ya baridi, nao hawakuizoea. Huko Amboise zaidi ya watu 20 wa jamaa na wafuasi wake walikufa, wakazikwa katika bustani ya ngome.

Bwana Dupuch hakumsahau rafiki yake. Alikwenda kumtazama kifungoni, na mwaka 1849 aliandika kitabu ili kumwombea haki mbele ya mkuu wa serikali, Louis-Napoléon. Mwisho, mwezi wa Oktoba 1852, Louis-Napoléon alikwenda mwenyewe Amboise, akamfungulia. Abd el-Kader aliahidi kwamba hatashika tena silaha juu ya Ufaransa. Wengine walimvunjia ahadi. Yeye ahadi yake aliishika mpaka kufa. Akaenda kukaa Bursa katika Uturuki, na mwaka 1855 akahamia Damasko. Huko alisoma, alisali na kufundisha. Waalgeria wengi walimfuata, wakakaa karibu naye.

4. Siku za Julai 1860

Damasko siku zile ilikuwa chini ya serikali ya Waturuki. Mwaka 1856 serikali hiyo ilitangaza kwamba raia wote ni sawa, Waislamu na Wakristu. Wapo waliochukizwa na jambo hilo. Mwaka 1860 vita ikazuka katika milima ya Lebanoni kati ya Wadruzi na Wakristu, na Wakristu wengi wakauawa. Habari zikafika mjini, na maneno ya chuki yakapita sokoni na mitaani.

Abd el-Kader aliiona hatari kabla haijafika. Alikwenda kwa liwali, Ahmed Pasha, na kwa wakubwa wengine wa mji, akawaonya. Balozi wa Ufaransa akasaidia kupata bunduki, nao Waalgeria wakapewa silaha, wangojee.

Tarehe 9 Julai ghasia zilianza. Makundi ya watu yaliingia katika mtaa wa Wakristu, wakavunja milango, wakaiba, wakachoma nyumba na makanisa, wakaua. Askari wa serikali hawakuwazuia. Usiku ule Wafransisko 8 waliuawa katika konventi yao, pamoja na ndugu 3 wa jamaa ya Massabki, Wakristu Wamaroni waliokuwa wamekimbilia humo. Walikataa kumkana Kristu. Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 2024.

Abd el-Kader na watu wake waliingia katika moto na moshi. Walipita njia kwa njia wakiwaita Wakristu watoke, wakawazunguka kwa bunduki zao na kuwapeleka nyumbani kwa emiri. Mabalozi wa mataifa ya Ulaya walikimbilia kwake. Mapadri Walazaristi na Masista wa Mapendo pamoja na watoto wao yatima waliletwa kwake. Nyumba ikajaa, na nyumba za jirani zikajaa, hata watu hawakupata nafasi ya kuketi. Ndipo alipowapeleka kwa makundi mpaka ngome ya mji, chini ya ulinzi wa Waalgeria, ili nafasi ipatikane kwa wengine.

Makundi ya wauaji yalifika mlangoni pake, yakidai Wakristu watolewe. Abd el-Kader alitoka nje kwao. Aliwaambia kwamba wanaitia aibu dini wanayosema kuitetea, na kwamba hatamtoa hata mtu mmoja maadamu yeye na watu wake wako hai. Wakarudi nyuma. Kisha akatangaza kwamba kila atakayemleta Mkristu mzima atapewa fedha. Inasimuliwa kwamba alikaa mlangoni pake siku nyingi na mfuko wa fedha karibu naye, akalala palepale juu ya mkeka, ili asikose hata mmoja atakayeletwa. Amri aliyoitoa zamani vitani kwa ajili ya askari Wafaransa, aliitoa tena sasa kwa ajili ya majirani zake.

Wala hakuwa peke yake. Katika mtaa wa Midan Waislamu wengine waliwalinda Wakristu waliokaa kati yao. Ghasia zilipokwisha, maelfu ya Wakristu walikuwa wamekufa, na maelfu walikuwa hai kwa sababu ya emiri na wenzake. Liwali Ahmed Pasha, aliyekuwa na jeshi asilitumie, alihukumiwa na serikali yake mwenyewe, akauawa.

5. Baada ya hayo

Sifa zilimfikia kutoka nchi nyingi. Papa Pio IX alimpa nishani, na Ufaransa ilimpa nishani yake ya juu. Rais Abraham Lincoln wa Marekani alimpelekea bastola kama zawadi. Naye Shamil, mkuu wa Waislamu wa Kaukazi, aliyekuwa mfungwa katika Urusi, alimwandikia kumsifu kama ndugu katika dini. Askofu Pavy wa Alger alipomshukuru, Abd el-Kader alijibu kwamba alitenda tu yale aliyodaiwa na sheria ya dini yake na haki ya wanadamu.

Mwaka ule ule wa 1860 padri mmoja kijana alikuja kutoka Ufaransa na misaada kwa Wakristu wa Siria. Alifika Damasko, akaenda kumwona emiri na kumshukuru. Padri huyo ni Charles Lavigerie. Mwaka 1867 alifanywa Askofu Mkuu wa Alger, na mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadri Weupe. Hao walifika ziwa Tanganyika mwaka 1879, na kisha wakaileta Injili katika vijiji vingi vya mashariki ya Kongo.

Abd el-Kader alikufa Damasko mwezi wa Mei 1883. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, mifupa yake ilirudishwa baadaye katika nchi aliyozaliwa.

6. Jambo la kushika

Wazee wa nchi za Maniema na Tanganyika walipokea kwa wazazi wao habari za watumwa waliofungwa minyororo. Kwa ajili hiyo wako watu wanaosema kwamba Mwislamu hawezi kuwa mtu mwema. Katika Algeria nako wako waliosema hivyo juu ya Wakristu, wakikumbuka moshi wa Dahra. Kama Abd el-Kader angalifuata maneno ya namna hiyo, angalikuwa na sababu nyingi za kuufunga mlango wake siku ile. Mashamba ya watu wake yalichomwa na Wakristu. Wakristu walimvunjia ahadi. Jamaa zake walizikwa katika nchi ya Wakristu. Lakini hakuwadai Wakristu wa Damasko deni la watu wengine. Aliona watu walioumbwa na Mungu, wanaokimbia kifo, akawafungulia.

Sheria ya kumtendea mwingine kama unavyotaka kutendewa imeandikwa na Mungu katika mioyo. Walimu wa Wayahudi waliifundisha. Konfusio wa China aliifundisha karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwa Bwana. Waislamu wanaipokea kwa mtume wao. Na wazee wa vijijini waliijua kabla ya misioni kufika. Bwana Yezu aliithibitisha, tena akaizidisha, alipoagiza kuwapenda hata adui. Katika mfano wake, aliyemhurumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi ni Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa. Mwaka 1965 Maaskofu wa ulimwengu, katika Mtaguso wa Vatikano, waliwahimiza Wakristu na Waislamu wasahau magomvi ya zamani, na kutetea pamoja haki na amani.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nao wazee wana haki kusema hivyo. Lakini Injili inamwuliza mkatekumeni neno lingine: yeye mwenyewe atamfaa nani? Kama nyumba ya jirani asiyesali pamoja naye ikiwaka moto, au mtoto wa jirani huyo akiugua usiku, au watu wakija na mapanga kumtafuta, je, atafungua mlango? Maji ya ubatizo yatamfanya mwana wa Mungu. Inampasa basi kujifunza tangu sasa kumtambua kila mtu kuwa kiumbe cha Baba huyo mmoja, asije akashindwa na Mwislamu wa Damasko katika amri ile iliyo kubwa kuliko zote.