Bi Caroline Thackeray, Mwalimu wa Wasichana wa Mbweni

Ndugu msomaji, kila tupandapo matatu hapa Bamburi kwenda mjini, kabla ya kufika daraja la Nyali twapita Kengeleni. Makanga huita jina hilo mara kumi, abiria hushuka, nasi twaendelea na safari bila kujiuliza: ni kengele gani hiyo? Basi ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni mwaka 1875 kuwapokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Lakini Frere Town ilikuwa na ndugu yake ng'ambo ya bahari, nayo ni Mbweni, kisiwani Unguja. Huko ndiko alikofanya kazi mwalimu ninayetaka kuwasimulia habari zake leo.

Bi Caroline Thackeray alikuwa Mwingereza, wa ukoo mmoja na William Makepeace Thackeray, yule mwandishi mashuhuri wa riwaya. Aliwasili Unguja mwaka 1877 kufanya kazi katika misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA. Miaka minne kabla yake, mwaka 1873, Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Soko lilifungwa kweli, na mahali pake misheni ikajenga kanisa kuu pale Mkunazini. Lakini biashara yenyewe haikufa siku hiyo. Majahazi yaliendelea kupita usiku yakiwa yamesheheni watu, na manowari za Kiingereza zikawa zinayafukuza.

Jahazi lilipokamatwa, waliokuwamo waliambiwa kuwa sasa wako huru. Haya, hebu fikiri, mwanafunzi mwenzangu. Wewe ni msichana wa miaka saba au minane. Umetolewa bara ya mbali, karibu na ziwa Nyasa. Mamako humjui aliko, njia ya kwenu huijui, na lugha ya watu wa hapa huielewi. Huo uhuru utaupeleka wapi?

Misheni ilikuwa na shamba Mbweni, kusini ya mji, karibu na bahari. Wavulana walisomeshwa Kiungani, na wasichana wakawekwa Mbweni katika shule ya Mtakatifu Maria. Bi Thackeray ndiye aliyeiongoza shule hiyo mpaka mwaka 1902. Hesabu mwenyewe: miaka 25 mahali pamoja, enzi ambazo homa ya malaria iliwamaliza wageni wengi kabla hawajazoea hewa ya pwani.

Wasichana walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, kushona na dini ya Kikristo. Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna sababu ya kufurahi hapa, kwa kuwa lugha ya kusomea ilikuwa Kiswahili. Watoto wale walitoka makabila mbalimbali, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili ndicho kilichowafanya ndugu. Askofu wao wakati huo alikuwa Edward Steere, yule aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba wasichana waliofanya vizuri hawakuishia kusoma tu. Walifundishwa nao wafundishe. Baadhi yao walipelekwa bara, Magila na Masasi, kufanya kazi katika shule za misheni, na wengi waliolewa na vijana waliosoma Kiungani. Walikuwa miongoni mwa walimu wa kike wa kwanza wa Kiafrika katika nchi zetu hizi. Ama kweli Mungu si Athumani! Mtoto aliyeletwa pwani akilia, aliyetiwa bei kama gunia la karafuu, leo arudi bara na kitabu mkononi, aitwe mwalimu.

Lakini tusimsifu mtu kupita kiasi tukaficha ukweli. Pale Mbweni wasichana waligawanywa. Walioonekana wana akili za kitabu walibaki darasani, na wengine wakapelekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kupika, kusuka na kulima. Nani ajuaye ni wangapi kati yao wangekuwa walimu kama wangengojewa kidogo? Tena misheni iliwasomesha wasichana kwa sehemu kubwa ili wawe wake wafaao wa walimu na makasisi, sio ili wajiamulie mambo yao wenyewe. Na kwa kuwa shule ilikuwa ya dini, wazazi Waislamu wa mjini hawakuwapeleka binti zao. Kwa hivyo mlango aliofungua Bi Thackeray ulikuwa mwembamba.

Hata hivyo ulifunguka. Na wakati wenyewe ulikuwa mgumu kwa mwanamke. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Yaani hata katika kukombolewa, wao walikuwa wa mwisho.

Bi Thackeray alipostaafu hakurudi kwao. Aliendelea kuishi Mbweni miongoni mwa wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa walikuwa mama na nyanya, mpaka alipofariki mwaka 1926. Alizikwa hapo hapo, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana. Magofu ya shule yake yako mpaka leo.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mwaka 1927, serikali ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana Unguja. Miaka 50 kamili ilikuwa imepita tangu Bi Thackeray ateremke pwani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, nasi tumepona kiasi. Yaliyobaki ni juu yetu wenyeji. Wasichana wenzangu, siku mkiambiwa kitabu si chenu, kumbukeni wale wa Mbweni. Nanyi wavulana na walimu wetu, tusiharakishe kumwambia mtoto kwamba yeye ni wa kufua tu. Na tukipita Kengeleni kesho, tusisinzie.