Tingatinga: Mkulima wa Tunduru aliyeacha jina lake sokoni Morogoro Stores

MGENI anayetaka kuijua Tanzania ya vijijini bila kutoka nje ya Jiji la Dar es Salaam huelekezwa Kinondoni. Pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, eneo la Kijitonyama, kipo Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi kama zilivyojengwa na wazee. Mbele kidogo ni Mwenge, kwa wachonga vinyago. Na upande wa baharini, Oysterbay, yapo maduka yaitwayo Morogoro Stores, ambako wachoraji huketi sakafuni na kuning'iniza ukutani chui, tembo, pundamilia na tausi wa kila rangi.

Vinyago vya Mwenge vinajulikana kwa jina la kabila, na nyumba za Makumbusho kadhalika. Picha za Morogoro Stores peke yake ndizo zinazojulikana kwa jina la mtu mmoja. Wengi wanaozinunua hudhani tingatinga ni aina ya rangi, au jina la mtindo lililotokana na lile tingatinga linalosawazisha barabara. Lakini hilo ni jina la Edward Saidi Tingatinga, mkulima, mtunza bustani, mchuuzi wa matunda na mhudumu wa hospitali, aliyechora kwa muda wa takriban miaka minne tu kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1972.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kusini kabisa mwa nchi, jirani na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu; mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo. Majina yake mawili, Edward na Saidi, yalibeba nyumba zote mbili alizotoka.

Tunduru ya utoto wake ilikuwa nchi ya misitu, mihogo na wanyama. Simba, tembo na nyani hawakuwa hadithi kwa mtoto wa huko, bali majirani wasumbufu walioingia mashambani na kula jasho la watu. Kijana alilinda shamba usiku, alizijua nyayo, na aliijua tofauti ya mlio wa fisi na wa chui.

Jambo jingine ambalo mtoto wa kusini alilikuta nyumbani ni michoro ya ukutani. Kwa Wamakua, Wamakonde na jamaa zao, ukuta wa udongo uliokwisha kukandikwa ulipambwa kwa majivu, mkaa na udongo mwekundu. Watu, ndege na wanyama walichorwa kwa umbo zima, bila kivuli, juu ya ukuta uliobaki wazi. Mvua ilipoufuta mchoro, mwingine ulichorwa.

Elimu ya darasani aliyoipata Tingatinga ilikuwa ya shule ya msingi tu, na kwa kijana wa Tunduru wa wakati ule hapakuwa na ajira nyingi za kuchagua. Tanganyika ilikuwa ikizalisha mkonge mwingi kuliko nchi nyingine duniani, na mashamba ya Tanga yalihitaji mikono. Maelfu ya vijana wa kusini walikwenda huko kwa mkataba, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Katikati ya miaka ya 1950 Tingatinga naye alishika njia hiyo, akaenda Tanga kufanya kazi ya mkonge.

Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu na malipo yake madogo. Wengi waliimaliza mikataba wakarudi kwao. Wengine walitazama upande wa Dar es Salaam. Tingatinga alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 aliingia jijini, akamfuata mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi ya upishi katika nyumba ya Mzungu huko Msasani.

Oysterbay na Msasani za wakati huo zilikuwa dunia mbili zilizopakana. Upande mmoja zilikuwepo nyumba kubwa za maofisa wa serikali ya kikoloni, zenye bustani na upepo wa bahari. Upande wa pili kilikuwepo kijiji cha wavuvi na vibanda vya wapishi, madobi, walinzi na watunza bustani waliozihudumia nyumba hizo. Tingatinga alipata kazi ya bustani kwa ofisa mmoja wa Kiingereza, akaifanya hadi nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 na mwajiri wake akarejea kwao.

Uhuru ulimkuta hana kazi. Kwa miaka kadhaa aliishi kama walivyoishi wengi waliokuja mjini bila cheti: kibarua hapa, kazi ya mikono pale. Aliuza matunda na mboga katika eneo la Morogoro Stores, ambako wake wa mabalozi na wataalamu wa kigeni walifika kununua mahitaji ya nyumbani. Jioni na siku za mapumziko alikuwa mtu wa muziki, akipiga ngoma na marimba pamoja na watu wa kusini waliokuwa wamehamia jijini kama yeye.

Hapo ndipo somo kubwa la maisha yake lilipopatikana, nalo lilikuwa somo la sokoni. Aliona kwamba Mzungu aliyefika kununua papai alinunua pia kinyago cha Kimakonde, na kwamba alikilipia zaidi. Aliona pia picha zilizochorwa na wasanii kutoka Kongo zikiuzwa mitaani Dar es Salaam. Watanzania wenzake wenye elimu ya sanaa walikuwa wachache, na kazi zao hazikuonekana mitaani. Nafasi ilikuwa wazi.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, na kama angekuwa na fedha za kuvinunua huenda asingezitumia huko. Alinunua vifaa vya fundi ujenzi: bao la hadibodi, lile linalotumika kuzibia dari, akalikata vipande vya mraba vyenye upana wa futi mbili hivi, na rangi ya mafuta ya makopo, ile inayopakwa milangoni na kwenye baiskeli. Bao moja lilitoa picha kadhaa, na kopo moja la rangi lilidumu.

Vifaa hivyo ndivyo vilivyouumba mtindo wake. Rangi ya mafuta haikauki upesi na haichanganyiki kirahisi kama rangi za msanii, hivyo alipaka kwanza bao zima kwa rangi moja, akaliacha likauke, kisha akaweka mnyama mmoja mkubwa katikati. Juu ya mnyama huyo aliweka madoa na mistari, rangi juu ya rangi, zikiwa safi na zenye kung'aa. Nyuma ya chui hapakuwa na mlima wala upeo wa macho. Alikuwepo chui tu, ameukabili ulimwengu, jicho lake likimtazama anayemtazama.

Wataalamu wa sanaa wamebishana kwa miaka mingi kuhusu chimbuko la mtindo huo. Wapo wanaosema aliutoa katika kuta za udongo za kusini, na wapo wanaosema aliupata kwa wachoraji wa Kongo. Hoja zote mbili zina mashiko, wala moja haiifuti nyingine. Mtu aliyekulia penye kuta zilizochorwa ndiye aliyekuwa na jicho la kuona, alipozikuta picha za Wakongo mjini, kwamba kazi hiyo hata yeye angeiweza.

Picha ziliuzwa. Aliziegemeza kwenye mti na kwenye ukuta karibu na maduka, na wateja wa matunda wakawa wateja wa picha. Mwaka 1970 alimuoa Agatha Mataka, ambaye alimsaidia sana katika biashara hiyo. Mume akichora, mke aliketi Morogoro Stores na kuuza. Walijaliwa watoto wawili.

Wakati huo Tanzania ilikuwa katika miaka ya mwanzo ya Azimio la Arusha, na serikali ilikuwa ikiunda mashirika ya umma kwa kila aina ya bidhaa, sanaa ikiwemo. Kampuni ya Taifa ya Sanaa ilianza kununua picha za Tingatinga na kuziuza, jambo lililompa soko la uhakika kwa mara ya kwanza. Hata hivyo hakuiamini brashi peke yake. Aliajiriwa katika hospitali ya Muhimbili kama mhudumu, akawa anachora baada ya saa za kazi. Kwa mwanamume mwenye mke na watoto wachanga, mshahara wa mwezi ulikuwa na maana kuliko sifa.

Mahitaji ya picha yalipozidi nguvu zake, alifanya kama wafanyavyo mafundi wa pwani na wa bara: aliwaita ndugu na jamaa, akawafundisha. Casper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata walikuwa wanafunzi wake wa mwanzo. Hapakuwa na darasa wala ada. Mwanafunzi alianza kwa kupaka bao rangi ya chini na kujaza madoa, akaangalia mkono wa mwalimu, hadi siku alipoachiwa mnyama wake mwenyewe.

Kufundisha huko ndiko kulikoiokoa kazi yake, maana muda uliobaki ulikuwa mfupi. Usiku mmoja wa mwaka 1972, akiwa ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam, polisi walilidhania gari hilo kuwa la wahalifu waliokuwa wakikimbia. Risasi zilipigwa, na Tingatinga akapoteza maisha. Alikuwa na umri wa takriban miaka 40. Hakuwa mhalifu na hakuwa akitafutwa na mtu yeyote.

Alimwacha mjane kijana, watoto wadogo, na kundi la wanafunzi ambao wengi wao walikuwa naye kwa muda mfupi tu. Ingekuwa rahisi kwa kundi hilo kutawanyika na kila mmoja kurudi kwenye kibarua chake. Badala yake walibaki Morogoro Stores, chini ya jina la mwalimu wao. Waliwafundisha wadogo zao, na hao wakawafundisha wengine, hata mtindo wa mtu mmoja ukawa kazi ya mamia. Mwaka 1990 wachoraji hao walijiandikisha kama chama cha ushirika, na karakana yao ipo hapo hapo hadi leo.

Picha zenyewe zimebadilika. Mnyama mmoja wa Tingatinga amezungukwa sasa na makundi ya wanyama, vijiji, masoko, hospitali na mitaa yenye daladala. Hadibodi imepungua na kitambaa kimeshika nafasi, kwa sababu mtalii hukikunja na kukitia katika begi. Simon Mpata alipendwa sana nchini Japani, hata hoteli moja ya watalii katika Maasai Mara nchini Kenya ikapewa jina lake. Na mwaka 2010 filamu za katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo zilianza kuonyeshwa Uingereza zikiwa na jina la Tinga Tinga.

Katika safari hiyo ndefu, picha alizozichora yeye mwenyewe zimekuwa adimu. Nyingi zilichukuliwa na Wazungu waliozinunua kwa bei ya sokoni na kuondoka nazo mikataba yao ilipokwisha. Zikijitokeza leo huuzwa Ulaya kwa fedha ambazo mchuuzi wa matunda wa Morogoro Stores asingeweza kuzihesabu, na kwa sababu hiyo hiyo wapo wanaoghushi saini yake. Nchini kwake, ambako jina lake lipo katika kila duka la zawadi kuanzia Arusha hadi Zanzibar, Mtanzania wa kawaida hana mahali pengi pa kwenda kuiona picha halisi ya Tingatinga.

Maisha yake yanaacha swali ambalo halijapata jibu. Mtindo uliozaliwa na mtu mmoja, ukakuzwa na ndugu zake na kunakiliwa na kila mwenye brashi, ni mali ya nani? Familia ina haki ya jina, ushirika una haki ya kazi ya nusu karne, na mchuuzi wa pwani ya Zanzibar naye anatafuta riziki kama alivyoitafuta Tingatinga mwenyewe. Sheria ya hakimiliki hulinda picha moja moja; haina nguvu sana juu ya namna ya kuchora.

Nyumba za udongo za Kijiji cha Makumbusho zinahitaji kukandikwa upya kila baada ya mvua, la sivyo zitaanguka. Michoro ya ukutani ya Tunduru nayo ilikuwa hivyo hivyo: ilidumu kwa sababu kila kizazi kilichora tena. Tingatinga alikufa kabla ya kuona picha yake ikisifiwa katika nchi za mbali, lakini alikuwa amekwisha kuwapa wengine brashi. Morogoro Stores kila asubuhi bao hupakwa rangi ya chini, huachwa likauke juani, na kisha mkono wa kijana ambaye hakuwahi kumwona huanza kuchora jicho la chui.